Kutoa Rangi ya Kucha Iliyogoma: Haraka, Yote, na Bila Kuumiza Kucha

Shaabani ikifika ukingoni, simu yangu hailali. Mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, wote kama umekumbuka kucha usiku mmoja, maana Ramadhani iko mlangoni na rangi huzuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha. "Dada, nyekundu imegoma." "Shoga, hii ya kumetameta naikwangua kwa wembe, kuna ubaya?" "Nina jeli ya harusi ya wifi yangu, kesho kutwa nafunga, nifanyeje?" Maswali hayo hayo hunijia asubuhi za harusi, bibi harusi anapogeuza nia na kutaka rangi nyingine saa za mwisho. Hunijia pia kwa mama anayekwenda hospitali ya Bombo kufanyiwa upasuaji na ameambiwa aje na kucha tupu, maana kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma vibaya juu ya rangi nzito. Wote wana haraka, na wengi wamekwisha kujikwangua kabla ya kuniuliza.

Nimepamba maharusi hapa Tanga kwa miaka, na mikono niliyoishika imenifundisha jambo moja: mara nyingi kucha haiharibiwi na rangi, inaharibiwa na namna rangi inavyotolewa. Asetoni, kile kimiminika cha kutolea rangi, inataka muda wa kukaa juu ya rangi. Ukiipa muda wake, rangi inalegea na kutoka yenyewe. Ukiinyima, utaanza kusugua, utahamia kukwangua, utamalizia kwa kubandua, na tabaka la juu la kucha litakwenda pamoja na rangi. Anayesubiri dakika 12 humaliza kabla ya anayesugua nusu saa.

Kwanza jua una rangi gani

Rangi ya kawaida, ile wengi tunayoiita Cutex hata ikiwa ya kampuni nyingine, hukauka kwa hewa tu. Hii ndiyo rahisi, hata ikiwa nyeusi au imepakwa mara tatu.

Rangi ya kumetameta ni ya kawaida pia, ila ndani yake mna vipande vidogo vya plastiki. Asetoni huyeyusha rangi, vile vipande haiviyeyushi. Ndiyo maana pamba inakwama na kunyofokanyofoka juu ya kucha.

Jeli ni ile uliyoingiza mkono kwenye taa ili ikauke. Haiyeyuki kama rangi ya kawaida. Asetoni huivimbisha tu mpaka iachie kucha. Kama hukumbuki ulipakwa nini, bonyeza pamba yenye asetoni juu ya kucha moja kwa sekunde 10. Pamba ikitoka na rangi, ni ya kawaida. Ikitoka nyeupe na kucha bado inang'aa, ni jeli.

Na hina? Wasichana wengi huniuliza. Hina haitoki kwa asetoni, na wala huna haja ya kuitoa kwa ajili ya udhu, kwa sababu imeingia ndani ya kucha, haikuweka tabaka la kuzuia maji. Iache ikue itoke.

Vitu vya kuandaa

- Asetoni. Soma kibandiko. Vipo vitoa rangi vilivyoandikwa kuwa havina asetoni; ni vya polepole, na kwa rangi iliyogoma vitakuchosha. Vinafaa kama umevaa kucha za kubandika na unataka kubadilisha rangi tu, kwani asetoni huyeyusha kucha za plastiki.
- Pamba ya bunda ile ya duka la dawa.
- Karatasi ya foili ya jikoni, vipande 10, kila kimoja kitoshe kuzunguka ncha ya kidole mara mbili.
- Mafuta ya mgando, na mafuta ya nazi ya kumalizia.
- Tupa ya kucha, ile laini ya karatasi ya msasa.
- Kijiti cha mti chenye ncha butu. Kijiti cha mshikaki kinatosha ukikisugua ncha sakafuni mpaka ukali uishe.
- Kibakuli cha glasi au cha kauri. Usitumie vile vikombe vyeupe vyepesi vya povu: asetoni inavitoboa papo hapo na kumwagika mapajani.
- Gazeti la kutandika, taulo, sabuni, maji ya uvuguvugu.

Pamba, foili na asetoni vyote utavipata kwa mzunguko mmoja wa soko la Mgandini na maduka ya vipodozi ya hapo jirani.

Vua pete. Weka mbali simu, miwani na rimoti, kwani tone moja linaacha doa lisilofutika. Meza ya mbao iliyopigwa vanishi usiifanyie kazi bila gazeti nene. Angalia pia nguo: baadhi ya vitambaa laini vya kung'aa vimetengenezwa kwa asetati, na hivyo huyeyuka. Vaa kanga kuukuu.

Moto: soma hapa kabla hujafungua chupa

Asetoni inashika moto haraka sana, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unashuka sakafuni na kutambaa. Hili kwetu Tanga ni hatari ya pekee, kwa sababu chumba cha bibi harusi hakikosi chetezo. Nilikuwa na bibi harusi kitandani, kibakuli kiko wazi, na somo wake ameweka chetezo sakafuni akifukiza nguo kwa udi. Pamba moja ilidondoka ikabingirika kuelekea kule. Haikugusa kaa la moto. Ilikuwa bado kama shubiri moja kufika, nikaona ulimi wa buluu umepita sakafuni kuifuata. Tuliizima kwa taulo lililolowa, hakuna aliyeungua, lakini tangu siku hiyo sifungui chupa mpaka chetezo kimetoka nje kabisa na mlango umefungwa nyuma yake.

Basi: hakuna chetezo, hakuna jiko la mkaa au la gesi linalowaka, hakuna mshumaa wala sigara chumba hicho. Fungua madirisha. Na kamwe usipashe asetoni motoni ili ifanye kazi haraka. Inachemka kwenye nyuzi 56 tu, maji yakiwa bado hayajaanza hata kutoa mapovu.

Hatua za rangi ya kawaida iliyogoma

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha ikaushe vizuri. Mafuta ya kujipaka yaliyobaki juu ya kucha huizuia asetoni isifike kwenye rangi.

2. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye ngozi inayozunguka kila kucha. Usiiguse kucha yenyewe. Hatua hii ndiyo inayookoa vidole na ule wekundu unaoganda kwenye mikunjo ya ngozi siku mbili nzima.

3. Chana pamba vipande 10, kila kimoja kiwe na ukubwa wa kucha yake. Kimoja kwa kila kucha, usikirudie. Pamba iliyokwisha kunywa rangi ya kidole cha kwanza haiwezi kusafisha cha pili, itakipaka tu.

4. Lowesha pamba, iweke juu ya kucha, ibonyeze, utulie. Hesabu mpaka 20 polepole. Kwa nyeusi, buluu ya kiza au nyekundu iliyopakwa mara tatu, hesabu mpaka 40. Usisogeze pamba wakati huu. Tazama ukingo wake: kwanza unakuwa waridi, halafu wekundu unapanda taratibu mpaka pamba inafanana na iliyochovywa kwenye maji ya rozela. Ukiona hivyo, rangi imeachia.

5. Bana kidogo, kisha vuta kwa mkupuo mmoja, kutoka mzizi wa kucha kwenda nchani. Usizungushe. Ukizungusha, rangi iliyoyeyuka unaisukuma kwenye ngozi na chini ya kucha, na hapo ndipo watu huniandikia kwamba imegoma.

6. Geuza pamba upande safi, bonyeza tena sekunde 5, vuta. Mabaki ya pembeni na ya mzizini yafuate kwa kijiti ulichokizungushia pamba kidogo iliyolowa.

7. Kagua penye mwanga, dirishani hasa. Kucha tupu ikitoka kwenye asetoni huwa imefifia, ina weupe mkavu. Ukiona sehemu yoyote inang'aa kama kioo, bado kuna tabaka, hata kama halina rangi. Wengi hupakwa ile ya kung'arisha isiyo na rangi, wakitoa nyekundu wanadhani wamemaliza. Angalia na chini ya ncha kama kucha ni ndefu.

8. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Kama unakwenda kutawadha, tawadha kwanza, mafuta ya nazi yaje baadaye. Mafuta usiyaruke: asetoni imekausha kucha na ngozi yake, na kucha kavu huchanika.

Mkono unaoshika pamba ndio unaochafuka. Bana pamba kati ya kidole cha shahada na cha kati, si kwa gumba na shahada, na hutajipaka upya.

Hatua za kumetameta na jeli

Hapa foili ndiyo kila kitu. Feni ikizunguka na joto letu hili la pwani, pamba inakauka kabla hujaimaliza kucha ya tatu. Foili inaifungia asetoni ndani isipotee hewani.

1. Kama ni jeli, anza kwa kusugua uso wake kwa tupa mpaka mng'ao wote uondoke. Hatua hii watu wanairuka, nayo ndiyo mlango wenyewe, kwani tabaka la juu la jeli halipitishi asetoni. Sugua kwa wepesi, uone vumbi la rangi tu. Vumbi likigeuka jeupe, umefika kwenye kucha, acha hapo hapo. Rangi ya kumetameta haihitaji kusuguliwa sana, mara mbili tatu zinatosha.

2. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi, safari hii kwa wingi zaidi, kwa sababu asetoni itakaa muda mrefu.

3. Weka pamba iliyolowa juu ya kucha, izungushie foili, bana ncha na mzizi ili hewa isipite. Fanya mkono mmoja kwanza. Ukifunga yote miwili peke yako utabaki kama umevaa glavu, na mlango ukibishwa huna wa kufungua.

4. Subiri. Kumetameta dakika 5 mpaka 10. Jeli dakika 10 mpaka 15. Ukitaka kuharakisha, funika mkono uliofungwa foili kwa taulo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa vizuri. Ule uvuguvugu unasaidia. Usifungue kuchungulia kila dakika.

5. Fungua kidole kimoja tu. Foili ibane kwa nguvu kiasi, izungushe nusu kidogo, vuta kwenda nchani. Kumetameta itatoka karibu yote na pamba. Jeli utaiona imejikunja na kuinuka ukingoni, kama gamba la samaki aliyekauka.

6. Isukume kwa kijiti, kwa kubembeleza. Inayotaka kutoka itatoka kama ngozi ya viazi vilivyochemka. Isiyotaka, iache. Rudisha pamba mpya na foili, dakika 5 zaidi. Vidole vingine viache vikiwa vimefungwa mpaka zamu yao.

7. Malizia kwa pamba yenye asetoni, pitisha tupa laini mara moja tu kulainisha uso, nawa, kisha mafuta ya nazi. Usiku huo yapake tena.

Hatua ya 6 nataka nikae nayo kidogo. Msichana mmoja aliletwa kwangu siku mbili kabla ya harusi yake. Aliyekuwa akimhudumia kabla yangu alikuwa na haraka, akambandua jeli kwa ncha ya mkasi. Kucha zake nane kati ya kumi zilikuwa na madoa meupe yaliyochimbika, nyembamba kiasi kwamba alipotia mikono kwenye maji ya moto alilia. Hakuna mafuta yanayorudisha tabaka lililobanduliwa. Kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo alihitaji miezi kama 6 kupata kucha mpya kamili. Siku ya harusi tulimpaka hina peke yake, akapendeza, lakini rangi aliyoitamani aliikosa. Ukihisi kijiti kinahitaji nguvu, jibu si nguvu, ni dakika nyingine 5.

Kucha za miguu ni hivyo hivyo, ongeza muda kidogo kwa kidole gumba.

Za akriliki, zile zinazojengwa juu ya kucha, sikushauri kuzitoa mwenyewe nyumbani. Huchukua nusu saa na zaidi, zinahitaji kupunguzwa kwanza kwa tupa, na mkono usiozoea utakata nyama.

Usiku, maduka yamefungwa, asetoni huna

Kuna njia moja ya kuaminika kwa rangi ya kawaida: paka rangi nyingine mbichi juu ya ile kuukuu, kucha moja moja, uifute mara moja kwa pamba kabla haijakauka. Vimiminika vilivyomo kwenye rangi mbichi hulegeza ile ya chini. Rudia mara mbili tatu. Marashi ya kupuliza au dawa ya kutakasa mikono yenye alkoholi pia husaidia, kwa mwendo wa kobe, na nayo hushika moto. Kwa jeli hakuna njia ya mkato, subiri asubuhi.

Usitumie petroli wala tina ya rangi ya nyumba. Hazikutengenezwa kwa ngozi, na mvuke wake si wa kuvuta chumbani. Jiki usiithubutu, na hasa usiichanganye na asetoni: vikikutana hutoa klorofomu, mvuke wa sumu. Ndimu haiyeyushi rangi, na ukitoka nayo mikononi kwenye jua letu inaweza kukuachia malengelenge na madoa meusi. Wembe na meno sina haja ya kueleza.

Ikienda kombo

*Kucha zimekuwa nyeupe kama chaki.* Zimekauka. Mafuta ya nazi usiku na mchana kwa siku mbili tatu. Weupe usioondoka kwa mafuta ni wa kuchubuka. Huo unasubiri kukua.

*Kucha zimebaki za njano.* Ni doa la rangi nyekundu au ya kiza iliyopakwa bila tabaka la msingi chini yake. Asetoni zaidi haitalitoa. Usilisugue kwa tupa ukaimaliza kucha. Litakua na kukatwa. Safari ijayo paka kwanza ile isiyo na rangi.

*Wekundu umeingia kwenye ngozi.* Paka mafuta ya nazi, acha dakika 5, futa, kisha kijiti chenye pamba na asetoni kidogo, umalizie kwa sabuni na mswaki laini.

*Jeli imekaa dakika 15 na haijainuka.* Mara nyingi mng'ao wa juu haukutolewa. Rudi kwenye tupa, kisha foili tena. Ikigoma na mara ya pili, huenda ni ile jeli ngumu isiyoachia kwa asetoni kabisa. Hiyo hupunguzwa kwa tupa tu, na mpelekee anayeijua kazi.

*Ngozi inachoma.* Una mchubuko au umezidisha muda. Toa foili, nawa kwa maji mengi na sabuni, pumzisha kidole hicho mpaka kesho. Ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali.

*Kichwa kinauma.* Umevuta mvuke mwingi. Funika kibakuli, toka nje upate upepo, urudi madirisha yakiwa wazi. Mjamzito afanyie kibarazani kabisa.

*Chini ya rangi nimekuta ukijani, au kucha imeachana na nyama, au kuna mstari mweusi ambao haukuwapo.* Usiipake tena ili kuficha. Mwonyeshe daktari ikiwa tupu hivyo hivyo.

Ukimaliza, pamba na foili zitoe nje, zitandaze mahali penye upepo na pasipo moto wala watoto mpaka zikauke, ndipo uzitupe. Kilichobaki kwenye kibakuli usikirudishe chupani, wala usikihifadhi kwenye chupa ya maji au ya soda. Asetoni inafanana na maji, na mtoto mwenye kiu hatanusa kwanza.